Mheshimiwa Giza na Utumishi Wake

Kinyozi humlaani akiwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. Muuza samaki humlaani huku akitazama friza ikianza kuvuja. Washabiki kwenye kibanda umiza humlaani kwa sauti moja, hasa akiingia dakika ya 88. Pamoja na yote hayo Mheshimiwa Giza, yule anayepiga hodi kila umeme unapokatika, hajawahi kujibu tusi hata moja. Hana msemaji, na hata radhi huombewa na wengine, kwa maneno yale yale ya "usumbufu uliojitokeza". Ni haki sasa apatikane wa kumsifu, maana utumishi wake unawazidi wengi wanaokata utepe.

Anayesifiwa hutajwa kwanza ukoo, na ukoo wa Giza si haba. Jioni ya 9 Novemba 1965, rilei moja katika kituo cha Sir Adam Beck, Ontario nchini Kanada, ilikata laini iliyokuwa ikiilinda, kwa sababu ilikuwa imewekewa kipimo cha chini mno kuliko mzigo wa siku hizo. Mzigo ukahamia laini za jirani, nazo zikazidiwa na kujikata. Ndani ya dakika chache watu wapatao milioni 30 wa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani walikuwa gizani, New York ikiwemo, na treni za chini ya ardhi zimesimama na abiria wake. Agosti 2003 akawarudia, safari hii watu milioni 50. Alianzia Ohio, ambako nyaya zilizolegea kwa joto ziligusa miti iliyoachwa ikarefuka, huku programu ya kutoa tahadhari kwenye chumba cha udhibiti ikiwa imekwama bila mtu kujua. Julai 2012 alizuru maeneo ya India yenye watu zaidi ya milioni 600. Mchana wa 28 Aprili 2025 akazizima Hispania na Ureno kwa mpigo. Mkazi wa Mbagala au Kayole anayedhani Giza ni wake peke yake anajipa heshima asiyostahili.

Tabia yake haieleweki bila kuujua umeme wenyewe. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani: kinachozalishwa sekunde hii ndicho kinachotumika sekunde hii. Mitambo yote mikubwa iliyoungwa kwenye gridi moja huzunguka kwa kupatana, ili mkondo ukamilishe mizunguko 50 kila sekunde. Watu wakiwasha pasi, pampu na majiko kuliko nguvu iliyopo, mwendo unashuka: 49.9, 49.8. Kiwanda kikubwa kikizima ghafla, mwendo unapanda. Wanaokaa chumba cha udhibiti usiku na mchana kazi yao ni hiyo moja, kuhakikisha kinachoingia na kinachotoka havipishani. Vikipishana sana, vifaa vya ulinzi havisubiri ruhusa ya mtu. Hukata kwanza baadhi ya mitaa ili mingine iokoke, kisha hukata mitambo yenyewe kabla shafti haijavunjika na transfoma haijaungua. Kwa hiyo mara nyingi Giza huja kwa amri halali. Transfoma kubwa ya gridi haiuzwi dukani. Huagizwa na kusubiriwa kwa miezi mingi, na kukaa saa nne bila taa ni bei ndogo ya kuinusuru.

Mwendo huo wa mizunguko 50 hautaniwi. Mwanzoni mwa 2018 Serbia na Kosovo zilivutana juu ya nani afidie umeme uliopungua. Mgogoro ukashusha mwendo kidogo mno, wiki baada ya wiki, katika gridi nzima ya bara la Ulaya. Saa za kwenye majiko na redio, zile zinazohesabu mizunguko ya umeme, zikachelewa karibu dakika sita kuanzia Hispania hadi Uturuki. Giza hakufika, salamu zake tu zilitosha kuwachelewesha watu kazini.

Katika Kenya, kazi yake inayokumbukwa zaidi ni ya 7 Juni 2016. Tumbili alipanda kwenye paa la kituo cha Gitaru, mtoni Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata. Mashine nyingine za kituo zikabebeshwa mzigo wake, zikazidiwa, nazo zikajikata. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima stima zikaenda kwa saa kadhaa. KenGen, kampuni inayoendesha kituo hicho, ilitoa taarifa rasmi ya kumtaja mhusika. Tumbili mwenyewe alinusurika na kukabidhiwa Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Watu walicheka, na kicheko kiliwanyima kuuona ukaguzi uliofanyika. Wahandisi wa gridi duniani kote wana kanuni moja: mfumo ustahimili kupotea kwa kifaa chochote kimoja, kiwe kikubwa namna gani, bila mteja kujua. Tumbili aliijaribu kanuni hiyo bila posho wala semina, na jibu akalipata kabla hajatua chini.

Mheshimiwa Giza alirudi Kenya usiku wa 25 Agosti 2023. Hapo tena mlolongo ulianzia mbali. Loiyangalani, pembeni mwa Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ikakaa ikipunga hewa hadi Septemba 2018, kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme Suswa ilikwama kwa migogoro ya ardhi na kufilisika kwa mkandarasi kutoka Hispania. Serikali ililipa fidia kwa umeme usiofika kokote. Sasa, usiku ule wa 2023, kampuni ya umeme ya Kenya Power ilisema chanzo cha kuzimika nchi nzima ni kupotea ghafla kwa umeme wa upepo. Wenye upepo wakajibu kwamba mitambo yao ilijizima kujilinda baada ya msongo wa umeme kwenye gridi kupanda kupita kiasi. Wakati wakubwa wanarushiana mpira, abiria wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta walikuwa wakiburuta mabegi kwa mwanga wa simu, maana hata jenereta iliyotegemewa iligoma kuwaka. Waziri wa uchukuzi aliomba radhi hadharani. Nani mwingine ana uwezo wa kumfanya waziri aombe radhi kabla ya kifungua kinywa?

Siasa, kwa kweli, anaijua kuliko wanasiasa. Ukame wa 2006 ulipokausha mabwawa ya Tanzania na kuleta mgawo, serikali ilikimbilia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Kamati teule ya Bunge ikauchunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Vyama vya upinzani vilikuwa vimehangaika miaka mingi bila kufika nusu ya hapo.

Lakini fadhila kubwa ya Mheshimiwa ni kwamba yeye ndiye wakili pekee wa waya. Bwawa lina sura. Rais atalizindua, watalii watalipiga picha, litapewa jina la mwasisi wa taifa. Waya hauna sura. Hakuna mbunge aliyewahi kushangiliwa jukwaani kwa kuleta rilei mpya, na kituo cha kupoza umeme hakitokei kwenye kalenda ya mwaka mpya. Ndiyo maana nchi hujenga vyanzo kwanza na kuukumbuka usafirishaji baadaye, kama anayenunua tangi la lita elfu kumi akalifungia mrija wa sindano.

Tanzania imetoa mfano safi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na haukupita muda mrefu, mvua zikiwa nyingi, baadhi ya mitambo ya maji mahali pengine ilizimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Umezidi! Neno hilo lilikuwa bado masikioni wakati Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, hitilafu ya Gridi ya Taifa ilipozima nchi, Zanzibar ikiwemo. Mwaka uliofuata, Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akawaeleza wananchi mkoani Kilimanjaro kwamba serikali itanunua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa ule wa Rufiji hupotea na kukatika katika safari ndefu ya kufika huko. Waliosikia walishangaa nchi yenye ziada kununua kwa jirani. Giza hakushangaa. Alikuwa akilisema hilo Arusha na Moshi kwa miaka, kwa lugha yake.

Unguja ndiko alikotia nanga zaidi. Kisiwa kilikuwa kikitegemea waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 umeme ukakatika kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Pampu zilikosa umeme na mabomba yakakauka. Wenye hoteli wakalisha jenereta dizeli mchana na usiku, na wasio na jenereta wakafunga milango. Mchumi Alfredo Burlando alipozipitia kumbukumbu za uzazi za kisiwa hicho alikuta kwamba miezi minane hadi kumi baada ya giza la 2008, watoto waliozaliwa waliongezeka katika vijiji vyenye umeme, hata vile vyenye nyumba chache tu zilizounganishwa. Vijiji visivyo na umeme kabisa havikubadilika. Hapo wasimulizi wengi huishia, wakikonyezana. Mtafiti huyo aliandika pia kwamba kipato cha waliofanya kazi zinazotegemea umeme kilishuka, na kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Mkataba wa fedha za Marekani zilizohusisha waya mpya ulikuwa umetiwa saini Februari 2008, miezi mitatu kabla. Waya wenyewe, wa megawati 100, ukawashwa 2013. Katikati ya saini na swichi Giza alipita mara mbili, kukumbusha.

Wengine humsikia mapema. Giza la 1965 ndilo lililozaa, miaka mitatu baadaye, chombo cha kusimamia uthabiti wa gridi za Amerika Kaskazini. Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme Australia Kusini, na jimbo zima likazima. Mwisho wa 2017 jimbo hilo lilikuwa na betri ya megawati 100 pale Hornsdale, kubwa kuliko zote za aina yake duniani kwa wakati ule.

Betri hizo zinahitajika kwa sababu ambayo haionekani juu ya paa lenye sola. Mtambo wa maji au wa mvuke una chuma kizito kinachozunguka. Mwenzake akianguka, uzito ule unaendelea kusukuma kwa sekunde chache, na hizo sekunde ndizo zinazowapa wengine nafasi ya kujaza pengo. Sola huingia kwenye gridi kupitia inveta, isiyo na chuma kinachozunguka. Kadiri jua na upepo vinavyoongezeka, sekunde za neema hupungua, labda pawe na betri zinazojibu upesi au inveta zilizofundishwa kushika mwendo na msongo zenyewe. Hispania ilijifunza hilo la msongo kwa njia ngumu: wachunguzi wa kuzimika kwa 2025 walikuta msongo umepanda bila kudhibitiwa, vituo vikajikata kimoja baada ya kingine. Iliyoiamsha ilikuwa mitambo yake ya maji, pamoja na laini kutoka Ufaransa na Morocco.

Majirani, basi, ni akiba. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida imeziunganisha gridi za Kenya na Tanzania tangu Desemba 2024, na Ethiopia inaiuzia Kenya kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000. Msaada utavuka mpaka kirahisi, na Mheshimiwa naye, asipowekewa vizuizi vya kutosha, atapita Namanga bila pasipoti.

Wanaotumaini kwamba teknolojia itamstaafisha wakumbuke 24 Novemba 2024. Tokeni za mita za malipo ya kabla za mfumo unaotumika duniani kote, LUKU ya Tanzania ikiwemo, zilikuwa zikibeba hesabu ya dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa dakika 16,777,216 tu. Siku hiyo nafasi ikajaa. Mita ambayo haikuwa imeingiziwa tarakimu za ziada ingeikataa tokeni mpya, hata bwawa likiwa limefurika na nyaya zote nzima. Ndipo Afrika Mashariki nzima ilipoonekana imesimama kwenye viti vya plastiki, simu mkono mmoja, ikibonyeza tarakimu 20, kisha 20 nyingine, kisha 20 za uniti zenyewe, na kuanza upya ilipokosea moja.

Basi msomaji, akija tena, mpokee kwa adabu. Chomoa friji, televisheni na pasi, uache taa moja imewashwa kama shahidi. Umeme ukirudi, usikimbilie soketi. Subiri dakika kumi. Katika dakika hizo kila friji na kila pampu ya mtaa huvuta kwa pamoja, msongo unayumba, na vifaa vingi huungulia hapo, baada ya watu kushangilia. Na ukikutana na mbunge wako, usimwulize megawati ngapi zimeongezeka. Mwulize laini na kituo cha kupoza umeme cha wilaya yako vilijengwa mwaka gani, na vimetengewa shilingi ngapi mwaka huu.