Pangaboi la Shemeji

Ukitaka kujua Lamu ina mafundi wangapi, nunua mashine ya boti. Yangu ni ya farasi 40, mtumba, na tangu ifike gatini kila mtu ana la kuniambia. Ushauri ni wa bure. Gharama ni kuufuata.

Balaa lilianzia mguuni. Mashine, kama watu, zina miguu mirefu na mifupi: kuna inchi 15, kuna inchi 20. Tezi ya boti yangu ina kimo cha inchi 20, muuzaji akanipa mguu wa 15, akiapa kuwa "ni zilezile." Wimbi likituinua, pangaboi linachota hewa, mashine inalia kama inachinjwa, nasi tuko palepale. Nikabadilisha, nikaongeza pesa.

Likaja suala la pangaboi lenyewe. La nyumbani, la darini, halijawahi kunisumbua: unawasha, unalala. La boti lina namba mbili. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo lingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao na lenyewe skrubu. Shemeji, ambaye hajawahi kubeba hata gunia, akakata shauri: "Chukua hatua ya 15. Hatua ndefu, mbio nyingi!"

Tukaondoka kwenda Pate: watu tisa, magunia ya unga, mbuzi wawili na mama mkwe. Boti ikaketi kwa tezi, omo ikatazama mbinguni. Tulipofika kwenye mkondo wa Mkanda maji yalikuwa yameshatoka. Tukakaa kwenye tope kusubiri yajae, mama mkwe kimya, mbuzi wakinitazama kwa niaba yake.

Fundi akaja na kipimo chake. Mashine inayotakiwa kufika mizunguko 5000 kwa dakika ilikuwa inakata pumzi kwenye 4200.

"Bwana wee, hili ni la kukimbiza mtalii mmoja na kamera yake. Wewe unabeba harusi. Kila inchi ukishuka, unapata kama mizunguko 200. Chukua 11."

Nikachukua 11. Meno yake ya ndani hayakuingiana na ekseli. Nikanunua 11 nyingine.

Sasa boti inakwenda. Lile la 15 limebaki kwangu, linazuia mlango usibamizwe na kusi. Shemeji kila akija hulitazama kwa huruma: "Hili lina mbio sana."

Namwambia ndiyo maana nimelibana na mlango, lisije likatoroka.