Barua ya Wazi kwa Mgawaji wa Ardhi "Tupu"

Kwa Mheshimiwa Mgawaji wa Ardhi ya Umma,
Ofisi yoyote utakayokuwa umekalia msimu huu,
Nairobi.

MINT: USHAURI WA BURE KUHUSU MSITU WA KARURA

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu pamoja na pole. Pole, kwa sababu kazi yako siku hizi ni ngumu. Zamani ulihitaji ramani, kalamu na neno moja tu: "tupu". Karura, uliotangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, una zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, lakini kwenye ramani yako ulikuwa kiwanja kilichoota miti kwa bahati mbaya. Kufikia 1998 sehemu kubwa ilikuwa imegawiwa kampuni za watu binafsi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miche Januari 1999, walishambuliwa na genge, naye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Najua nawe uliumia, ingawa si kichwani.

Nimetafakari kilichokuponza. Si sheria; sheria za misitu zilikuwepo, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 inaonyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa huku sheria zimelala kabatini. Kilichokuponza ni nyayo. Si zile Nyayo za kaulimbiu ya Rais Moi. Ni za watu wa kawaida waendao kwa miguu. Mwaka 1989 ulipopangwa mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wakazi wa Nairobi walikuwa wanaijua bustani ile kwa migongo yao, kwa kuwa ndiko walikojilaza Jumapili watoto wakicheza. Barua na kelele zikaanza, mradi ukafa. Karura nao wakati huo ulisifika kwa wezi, watu wakauogopa. Msitu usioingiwa hauna shahidi: ekari ikihama usiku, nani atajua asubuhi? Ndiyo maana kuuokoa kuligharimu damu.

Kisha yakaja makosa makubwa. Kuanzia 2009 Marafiki wa Karura walishirikiana na shirika la misitu la serikali, ukawekwa uzio wa umeme, vikapatikana walinzi na lango lenye ada. Mbega wakahamishwa kutoka Kipipiri na kurudishwa mitini, na mikia yao myeupe sasa inaning'inia juu ya vichwa vya wakimbiaji. Leo wapo watu wanaozijua njia za Karura kuliko vichochoro vya mitaa yao, na fununu tu ya ekari chache kumegwa kwa ajili ya barabara huzua zogo kabla trekta halijawashwa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukitaka msitu usianze na miti. Anza na watu: pandisha ada, funga lango moja baada ya jingine, acha uzio uoze, hofu irudi. Baada ya hapo neno "tupu" litakuwa na ukweli kidogo.

Wapo watakaokutetea kwamba jiji linahitaji nyumba. Linazihitaji kweli. Ila viwanja vya Karura havikugawiwa watu wa Mathare waliobanana kwenye mabati. Viligawiwa waliokuwa na nyumba tayari na wakataka ya pili yenye kivuli. Wengine watasema miti itapandwa kwingine. Serikali imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032, na Katiba inataka angalau asilimia 10 ya nchi ifunikwe na miti. Lakini kukata mti mkongwe ili ujisifie mche ni kama kumuuza ng'ombe ili ununue kamba ya kumfungia. Mvua ikishuka kwenye lami, punde inakuwa mto wa chupa za plastiki ukielekea mabondeni. Ikishuka Karura inapiga majani, inateleza kwenye shina, inazama kwenye mboji, kisha inatoka polepole ikiwa kijito. Mche wa kimo cha kidole hauifanyi kazi hiyo, na jiji lililorithi jina lake kutoka kwa Wamaasai waliotaja maji baridi lilipaswa kuijua thamani yake.

Hoja moja tu ina uzito: kwamba Karura umepakana na matajiri wa Muthaiga na Gigiri, na ada, hata ikiwa ndogo, humzuia asiye na kitu. Ni kweli, na inauma. Lakini dawa yake ni kupunguza ada, kutenga siku za bure na kufungua njia kutoka upande wa maskini. Uzio wa msitu una lango ambalo mwananchi anaweza kudai lipanuliwe. Uzio wa jumba la kifahari una lango pia, ila huko hata kudai hakuruhusiwi.

Nisikuchoshe. Kila anayelipa langoni, kila mwalimu anayeleta darasa lake, kila anayeokota chupa njiani anakuharibia kazi, wala hahitaji kuwa shujaa. Anahitaji viatu tu.

Wako mtiifu,
Mwananchi mwenye tope miguuni.

Nakala: Mbega wa Karura, wakaaji wasio na hati miliki.