Wageni Wawili kutoka Maskati

Spika zilifika Wete katikati ya msimu wa karafuu, wakati majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa njia. Gari ya ng'ombe iliyozipandisha kutoka bandarini ilisimama mara tatu, kila mara mwenye jamvi akilikunja lake ili ipite. Kwa hiyo kabla hazijafika mlangoni kwetu mtaa mzima ulikuwa umeshaziona, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Zilikuwa mbili, kila moja ndani ya kasha la mbao, na kila kasha lilihitaji wanaume wawili. Tulipozisimamisha ukumbini zilinifika kifuani: urefu mita 1 na sentimita 10, uzito kilo 32 kila moja. Mbele zina wufa mbili za inchi 8, juu yake spika ya sauti ya kati, na juu kabisa twita ndogo. Nyuma, karibu na chini, kila moja ina tundu la mviringo ambalo mkono wa mtoto unaingia. Tundu hilo nalitaja mapema kwa sababu nusu ya kisa hiki imo humo.

Kaka yangu anaishi Maskati. Alizinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, akazitia kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine wa huku mpaka Unguja, kisha meli ya mizigo ikazileta Wete. Usiku ule ule alinipigia simu.

"Hizo ni wati 200 kila moja," alisema. "Wewe zipe nguvu tu. Zitasikika mpaka Mtambwe."

Mtambwe iko ng'ambo ya maji. Nilicheka kwa furaha, nikamshukuru, nikaenda kutafuta pa kuziweka.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba. Upande wa mbele ni kiambaza cha zamani: boriti, fito, udongo na mawe, kisha plasta na chokaa. Paa ni bati. Ukumbi una mita 3 na nusu kwa 4, na ndani yake tayari mlikuwa na kochi, mkeka wa Mama, na kabati la vioo lenye vyombo vya harusi ya mke wangu. Zilibaki pembe mbili tu za ukuta wa mbele. Nikazisukuma spika humo mpaka zikagusa ukuta, nikaona nimezipa mahali pa heshima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza wageni wetu walipokewa vizuri. Watoto wa jirani walijaa dirishani na mke wangu akawapitishia kashata. Siku ya pili niliongeza sauti, na nyumba ikaanza kuitikia. Kila besi ilipodunda misumari ya paa ililia, na vikombe vya kabatini vikasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Siku ya tatu, adhuhuri, tumekaa mkekani tunakula, kipande cha plasta ukubwa wa sahani kilibanduka ukutani kikaangukia bakuli la mchuzi wa pweza.

Hapo kila mtu akatoa rai yake.

Mke wangu alikwishaondoa bakuli kabla hajasema neno. Kisha akasema: "Wageni hawa hawaketi, hawaagi, na sasa wanabomoa."

Mama alikamata redio yake ya mkononi, ile inayokaa kando ya mto wake wa kulalia. "Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akaimba kwenye santuri, na mpaka leo namsikia kwenye kiredio hiki. Hakuhitaji wati 200."

Baada ya Isha mzee jirani alipiga hodi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanywa kahawa yake vikombe viwili, kisha ndipo akasema kilichomleta. "Kijana wangu, maneno ya nyimbo zako siyasikii hata moja. Lakini kitanda changu kinayasikia yote. Jana sikulala." Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia kuliko ya wote.

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, naye akasubiri mzee atoke. "Usizipunguze, ami. Besi ndiyo muziki. Harusi zikianza tuzikodishe."

Nami nilikuwa na rai yangu. Niliamini kosa ni la nyumba. Nilianza kuhesabu bei ya saruji na matofali ili kile kiambaza kibomolewe, ukumbi ujengwe upya uwe na hadhi ya spika zake.

Kabla sijatenda hilo nilimwita fundi kutoka Chake Chake, mtu mzima aliyezeekea kwenye redio na amplifaya. Alipofika hakutaka niziwashe. Aliomba futi ya kupimia, akapima ukumbi kwa urefu na upana, akagonga ukuta kwa kidole, akaketi.

"Sauti nzito ya herzi 50," alisema, "wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7. Nusu yake ni mita 3 na nusu, ambayo ni ukumbi wako. Noti hiyo ikipigwa inakwenda ukuta huu, inarudi, inakutana na nyingine inayokuja, zinabebana. Nawe umeziweka pembeni kabisa. Pembe inaikusanya besi kama mdomo wa tarumbeta. Humu ndani mna spika tatu, bwana. Mbili zimetoka Maskati. Ya tatu ni chumba, na hicho alikujengea baba yako. Sasa unataka kukivunja kwa sababu ya hizi mbili?"

Nilinyamaza. Baba aliukandika ukuta ule kwa mikono yake.

Tulizivuta spika mbele mpaka zikawa sentimita 80 kutoka ukuta ulio nyuma yake na 60 kutoka kuta za ubavuni, tukazigeuza kidogo zitazame mkeka. Chini ya kila moja tuliweka vipande vinne vya ndara kuukuu ili mtikisiko usishuke sakafuni. Mke wangu aliridhia kochi lihamie upande wa mlango. Fundi alipoziwasha, nilidhani amebadilisha kanda. Bati lilinyamaza na vikombe vikatulia. Kelele niliyoiita besi ilikuwa imeondoka, na mahali pake palikuwa na noti, moja baada ya nyingine, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake.

Nilimuuliza habari ya wati. Alisema ukitoka wati 10 ukafika 20 umeongeza desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji kama mara kumi ya nguvu. "Kwa hiyo wati nyingi hazikununulii sauti nyingi. Spika kubwa faida yake iko kwingine. Wufa pana haihitaji kuhangaika. Inasogea kidogo tu, na besi inatoka kamili hata sauti ikiwa chini. Ndogo lazima isogee sana ili itoe besi hiyo hiyo."

Kuhusu tundu la nyuma alinionyesha kwa mtungi wa maji uani. Aliupuliza mdomoni ukatoa mvumo mzito. Hewa iliyomo ndani ya kasha hufanya vivyo hivyo, na hewa ya tunduni huisaidia wufa kwenye noti za chini. Ni maarifa ya zamani. Mhandisi Albert Thuras wa maabara za Bell huko Marekani alipewa hataza yake mwaka 1932.

Tungeishia hapo. Lakini nyumba ilipotulia ndipo tulipoisikia sauti nyingine, iliyokuwa imefunikwa na kelele za bati. Kila noti nzito ilipopita, spika ya kushoto ilitoa mchakacho mwembamba ndani ya tumbo lake. Chwa, chwa, chwa.

Kwa wiki mbili nyumba ilizungumza habari ya mchakacho tu. Kaka alisema kwa simu kwamba amplifaya yangu ni hafifu. Mke wangu alisema ni panya. Kijana wa jirani alisema wufa imeungua. Mzee alisema ni umeme. Alikumbuka miaka ya majenereta ya Wesha, kabla waya wa chini ya bahari haujaanza kuleta umeme kutoka Tanga mwaka 2010, jinsi taa zilivyokuwa zikinywea na kuwaka tena. Mimi nilihofia hewa yetu. Unyevunyevu wa bahari huila sponji ya ukingo wa wufa mpaka inakatika vipande kama mkate mkavu, na nilishaona spika nyingi za watu zikifa hivyo. Kila asubuhi niliipapasa ile ya kushoto kwa ncha za vidole. Ukingo wake ulikuwa wa mpira, mzima kabisa.

Katika wiki hizo kitinda mimba wetu, binti wa miaka 7, alikuwa akirudi skuli anakwenda moja kwa moja kuketi nyuma ya spika ya kushoto. Alikuwa akiomba nyimbo zenye besi. Zikipigwa hutabasamu na kusema, "Zinacheza." Sote tulidhani anasema habari za spika.

Fundi aliporudi tuliilaza juu ya mkeka. Ilipoinama tu, ikamwagika sauti ndani yake, na mke wangu akasema, "Huyo si panya." Fundi alifungua skrubu za wufa ya chini, akaingiza mkono, akautoa umejaa. Sarafu za mia, za mia mbili, za mia tano zenye picha ya nyati. Alirudi mara nne. Pamoja nazo zilitoka karafuu kavu chache, na ukumbi ukanukia. Tulizihesabu: sarafu 44, jumla shilingi 11,700.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamlengalenga.

Mama ndiye aliyejua fedha zilikotoka. Msimu wote mtoto alikuwa akifuatana na wenzake chini ya mikarafuu, wakiokota karafuu zilizoanguka wachumaji wakishapita. Mama alizianika pamoja na zake, akaziuza, akampa haki yake. Lakini kwa nini humo?

"Mwalimu kasema watu wa Mtambwe walizificha fedha zao chini," alijibu, "zikakaa karibu miaka elfu moja, hapana aliyeziona. Na tundu liko chini."

Mwalimu alisema kweli. Mwaka 1984 wanaakiolojia walichimbua Mtambwe Mkuu, ng'ambo yetu pale, wakakuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha.

"Lakini si hungeweza kuzitoa," nilimwambia.

"Sikutaka kuzitoa, Baba. Besi ikipigwa nazisikia, najua zipo."

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo tangu siku ile. Nilimwuliza kaka aliye Maskati, nikamwuliza fundi, nikawasikiliza majirani. Aliyekuwa akikaa karibu na spika kuliko sote, na akiisikiliza kwa makini kuliko sote, sikumwuliza hata mara moja. Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake na mama yake. Siku ya pili Mama alimnunulia kibubu cha udongo sokoni, kikawekwa shubakani kwenye ukumbi, mahali anapoweza kukitikisa akitaka.

Usiku ule spika ilirudi mahali pake. Nilitia taarab ya kikundi cha Unguja, kanuni, fidla na nai. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, redio yake ya mkononi imezimwa.

"Punguza," alisema. Nikapunguza.

"Punguza tena." Nikapunguza mpaka tukawa tunasikia mbuzi wa jirani uani.

Mama aliinamisha kichwa. "Kuna mtu nyuma yao. Anachomoa nyuzi nene, taratibu, kama mtu anayetembea pekupeku. Wimbo huu naujua tangu ujana wangu, na mtu huyo sikupata kumsikia."

Alikuwa ni mpiga dablibesi. Sauti ilikuwa chini kuliko ya mtu anayezungumza, na bado tulimsikia kila alipohamisha kidole. Nilitoka nje nikasimama chini ya dirisha la mzee jirani. Sikusikia kitu ila mawimbi ya upepo kwenye minazi. Niliporudi ndani kitinda mimba wetu alikuwa amelala, mgongo wake ameuegemeza kwenye spika ya kushoto.

Sasa tuna taratibu zetu. Adhana ikianza zinazimwa kwenye swichi. Masika zinavishwa kanga mbili kuukuu na kuinuliwa juu ya vigogo, maji yasizifikie. Wa kuomba kuzikodi kwa harusi anajibiwa kwa upole. Mtu akinitaka ushauri juu ya spika kubwa, namwambia apime kwanza ukumbi wake, kisha awaulize wote wanaolala ndani yake na pembezoni mwake, hata mdogo wao. Na akishazipata, azisikilize kwa sauti ya chini, maana huko ndiko uliko ukubwa wake.

Kaka alipiga simu Ijumaa iliyofuata. Nilisikia swali lake kabla sijampa Mama simu: zinafika Mtambwe?

Mama alimwacha amalize. "Hazifiki hata kwa jirani, mwanangu," alimwambia. "Lakini ya Mtambwe yametufikia. Kaa kitako nikuhadithie."