Mali ya Mjerumani

Ukikaa Tanga, usiseme kwa sauti kwamba una vitu vya Mjerumani ndani. Jirani aliyekuja kuazima pasi aliona stempu zangu za mwaka 1923 mezani, akahesabu sifuri, akasahau pasi. Kufika magharibi mtaa mzima unajua nimefukua mali aliyoificha Mjerumani.

Mabilioni yalikuwepo kweli. Mwaka ule marki iliporomoka mno hata posta ya Ujerumani ikawa inachukua stempu za zamani na kuzigongea bei mpya juu, ikafika hadi stempu ya marki bilioni 50. Ya kubandika kwenye barua! Leo nyingi za aina hiyo, kama hazijatumika, hazizidi bei ya chapati na chai. Maelezo haya hayakupata msikilizaji.

Siku ya pili mzee mmoja akaniletea kijana mwenye mashine ya kutafutia madini.

"Stempu ni karatasi, babu."

"Karatasi unaweka wapi?"

Naweka kwenye kopo la biskuti, la bati. Mashine ikalia, na wapita njia wakaanza kuvua viatu mlangoni.

Kuwapoza, nikatoa lebo za matangazo, zile ambazo Wajerumani walizikusanya kwa wazimu kabla ya vita ya 1914: za sabuni, kakao, maonyesho ya biashara. Ni nzuri kuliko stempu nyingi, ila posta haikuzitambua. Shangazi akaigeuza moja.

"Hii inafikisha barua wapi?"

"Haifikishi popote, shangazi. Ni pambo."

"Na ulitoa hela?" Akamtazama mke wangu kwa huruma, kama mtu aliyekuja msibani.

Nikadhani historia itaniokoa. Nikawasimulia ya Wuga, huko Usambara: mwaka 1916 bahari imefungwa na Mwingereza, Wajerumani wakachapisha stempu kwenye mtambo wa misheni. Kumbe meli ikapenya na stempu nyingine, za Wuga zikakosa kazi, wakazifukia zisiangukie mikononi mwa adui.

Kimya. Nikaona macho ya kijana wa mashine yanang'aa.

"Wakafukia," akasema.

"Zilishafukuliwa! Baada ya vita zikapelekwa Ujerumani, zikauzwa kwa wakusanyaji."

Akaanza kukunja waya zake taratibu.

"Zote?"