Sifa za Mgeni Mpiga Kelele

Wengi huilaani logi ya maktaba za watu wengine. Mimi nasimama kuisifu.

Umeandika programu-jalizi ya Maven kwa adabu zote: kila neno lako linapita kwenye getLog(), tena kwa ufupi. Kisha unaiongezea maktaba ndogo ya kusoma PDF. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mgeni anaingia na kumwaga mamia ya mistari ya DEBUG kwenye terminali.

Sifa yake ya kwanza ni unyofu. SLF4J, maktaba ya logi ambayo wageni wengi huja nayo, isipompata wa kuipokelea logi, hutoa ilani kwamba hakuna mpokeaji, hivyo itakaa kimya. Nani mwingine hupaza sauti kutangaza kuwa leo hasemi? Log4j ya zamani nayo hulalamika haijaandaliwa ipasavyo, na katika lalamiko hilo imetia neno “tafadhali”. Huo ndio ustaarabu.

Ya pili ni upatanishi. Java ilipoleta java.util.logging mwaka 2002, Log4j ilikwishazoeleka. Commons Logging ikaja kusuluhisha, kisha SLF4J ikaja kumsuluhisha msuluhishi. Baraza lote hilo laweza kukutana ndani ya programu-jalizi moja.

Ya tatu ni ukarimu. Log4j-over-slf4j huchukua ujumbe wa Log4j na kuukabidhi SLF4J. Slf4j-log4j12 huurudisha ulikotoka. Ziweke pamoja, na ujumbe utazungushwa bila kikomo, kila mmoja akimwambia mwenzake “chukua wewe”. SLF4J imelazimika kujifunza kuugundua ukarimu huo na kuukatiza mapema.

Ya nne ni huruma: katika msitu huo wa mistari, kosa la kweli lenye haya hupata pa kujificha.

Maadui wa sifa hizi wapo. Watakwambia kwamba tangu toleo la 3.1.0 Maven yenyewe hutumia SLF4J, kwa hiyo ukiweka jcl-over-slf4j badala ya Commons Logging, kisha mstari mmoja katika conf/logging/simplelogger.properties, mgeni atanyamaza. Ni kweli, na inasikitisha.

Basi wewe mwandishi wa maktaba, usituangushe. Endelea kufungasha mpokeaji wa logi kama Logback ndani ya kazi yako. Ukibeba slf4j-api peke yake na kumwachia mwenye programu achague mpokeaji wake, watu watafanya kazi kwa utulivu, nami nitakosa wa kumsifu.