Mto Unaotoka Kidimbwini Kwenda Kidimbwini

Mwanamume akistaafu, mpe ng'ombe hata mmoja wa kuchunga. Usimwache nyumbani na sepeto na simu yenye bando. Wangu alistaafu, tukahamia Tuala, Kajiado, kwenye ploti yetu ya futi hamsini kwa mia, nami nikajipangia kupanda sukuma wiki na kuzeeka kwa amani. Yeye akakaa chini ya mwembe usiozaa, akatazama video za bwana mmoja wa Marekani anayefungulia bomba mchana kutwa bila kumlipa mtu, na sasa nina mto uani.

Mto wa Mungu tunao, tena si mbali. Mbagathi unapita huko bondeni, mpakani mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, mpaka maji yakamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Wa kwetu una urefu wa mita sita. Unaanzia nyuma ya tangi, unateremka vijingazi vitatu vya mawe, unaingia kidimbwini mbele ya mlango wa jikoni. Hapo pampu inayanyonya maji na kuyarudisha nyuma ya tangi kwa mpira uliofichwa chini ya udongo, yaanze safari upya.

Jirani yetu, mzee wa Kimaasai ambaye familia yake ilikuwa hapa kabla ya ploti kuitwa ploti, alikuja kuutazama. Alisimama, fimbo mabegani, akauliza kwa adabu zote:

"Mama, mto huu unatoka wapi?"

"Unatoka kidimbwini, Mzee."

"Na unaenda wapi?"

"Unaenda kidimbwini."

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mume wangu anakula vizuri.

Nisieleweke vibaya, mto unapendeza. Kinachonichoma ni kwamba hapa maji yananunuliwa. Boza ya lita 10,000 ikiingia getini, nyumba nzima tunatoka kuipokea, maana tangi likikauka tunarudi kwa wenye punda, tukihesabu mitungi. Sasa piga hesabu. Kidimbwi kina urefu wa mita tatu, upana mita mbili, kina nusu mita. Hizo ni lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita ishirini, na mto wenyewe bado haujalowa. Watu wanaoga kwa beseni ili mawe yaoge kwa mfereji.

Kazi ilianza kwa kuchimba. Udongo wetu ni ule mweusi, ambao mvua ikinyesha unavimba na kukushika kiatu, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kupitisha mkono. Kijana wa mjengo tuliyemwita aje kusaidia alipouona ule mtaro mrefu alivua kofia. "Pole, Mathe," akaniambia. "Tunazika nani?"

Juu ya udongo wa namna hiyo huwezi kumwaga saruji ukaenda kulala, kwa sababu ukivimba na kunywea utaipasua. Kwa hivyo mzee wangu alinunua karatasi nyeusi nene, ile wakulima wanayotandika kwenye mabwawa ya kuvunia mvua. Hapo alikuwa na akili, nakubali. Lakini karatasi inatobolewa na mawe, kwa hivyo chini yake lazima itandikwe kitu laini. Wanaojua hutumia mchanga, au zulia kuukuu. Mchanga Kajiado upo tele, malori yanaubeba kila siku kupeleka Nairobi. Lakini yeye alikumbuka zulia. Na zulia alilolikumbuka ni lile langu la sebuleni, jekundu lenye maua, ninalolikunja na kulitandika wageni wa maana wakija. Nimerudi kutoka sokoni nimelikuta limelala mtaroni, limeshafunikwa. Pindo moja bado linachungulia karibu na jiwe la pili, na wageni wa maana wakija sasa nawapeleka uani walione.

Halafu ikaja siku ya kupima usawa. Kingo za mto hazina budi kuwa sawa kushoto na kulia, ukingo mmoja ukilala kidogo tu maji yote yanatorokea huko, na pampu inaendelea kusukuma mpaka kidimbwi kikauke. Mafundi hupima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji: huyu anashika ncha huku, yule kule, maji yanapotulia ndipo usawa ulipo. Huyu wa kule nilikuwa mimi. "Usitikisike," mzee wangu akaniamuru. Nikakaa tuli. "Usipumue basi, maji yanacheza." Miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kuniambia nikiapa kanisani kwamba kuna kipengele cha kutopumua. Kazi hiyo tunairudia kila msimu, maana udongo mweusi haukai ulipowekwa. Mvua ikipita, ukingo wa kushoto umepanda. Kiangazi kikija, umeshuka na mwenzake.

Pampu nayo ina siasa zake. Mto wa upana wa sentimita 30, ukitaka uonekane mto na si jasho, unadai kama lita 4,500 kwa saa. Dukani wana pampu iliyoandikwa hivyo hivyo kwenye boksi. Ambacho boksi halisemi kwa herufi kubwa ni kwamba hizo ni lita za pampu isiyopandisha maji popote. Ukiiambia iyapeleke mita moja juu, inapunguza. Mita mbili, inagoma. Ikabidi inunuliwe kubwa zaidi, ya wati 100. Wati 100 zikikesha mwezi mzima ni yuniti 72 za tokeni. Nyumba hii, na friji yake na pasi yake na televisheni ya taarifa ya saa moja, kwa miaka mingi imeishi kwa chini ya hizo.

Na stima ikipotea? Maji yote yaliyokuwa njiani mtoni yanashuka kidimbwini kwa pamoja. Kidimbwi kikiwa kimejaa hadi mdomoni, jinsi mzee wangu apendavyo "kwa ajili ya muonekano," ziada inamwagika kwenye sukuma wiki zangu. Stima ikirudi, pampu inayavuta maji kujaza mto, kidimbwi kinashuka, naye anatoka mbio na mpira wa tangi kuongeza. Stima inapotea tena. Hivi ndivyo boza inavyoisha bila mtu kunawa uso. Dawa yake ni kuacha nafasi ya kiganja kizima juu ya maji, na nimemwambia. Alichonijibu ni kwamba kidimbwi kisichojaa kinaonekana na huzuni.

Usiku ni hadithi nyingine. Mtu wa umri wangu, maji yakichuruzika dirishani kuanzia saa tatu hadi alfajiri, analala vipi? Naamka, naenda haja, narudi, nasikia mchuruziko, naamka. Mbu hawapendi maji yanayokwenda, lakini kidimbwi hakiendi popote, kwa hivyo walitiwa vifaranga vya tilapia wale viluwiluwi vya mbu. Akatokea ndege mmoja wa miguu mirefu, akasimama jiweni asubuhi nzima, akawala mmoja mmoja bila haraka, huku mzee wangu akimpiga picha. Wamebaki vyura. Vyura hawa wametoka wapi katika Tuala hii kavu, sijui, lakini habari za mto ziliwafikia kabla ya wakwe zangu.

Na mawe yameshaanza kuota ukoko mweupe. Maji ya visima vya huku yana chumvi na floridi, waulize watoto waliokulia hapa wakuoneshe meno. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Ndiyo ukoko ule ule ninaoukwangua ndani ya sufuria ya chai, sasa naukuta umepamba bustani.

Kwa hakika maji hayajawahi kuwatendea watu wa huku kwa kiasi. Kuanzia 2020 mvua zilikata misimu mfululizo, ng'ombe wakafa Kajiado nzima. Mei 2024 Mto Athi ukafurika Kitengela, barabara ya Namanga ikafunikwa, watu wakakwama kila upande. Sasa mtu mzima aliyeyaona yote hayo anachimba mto wa tatu, wa mapambo.

Wageni ndio hawaishi. Nyuki asubuhi, mbuzi wa mzee jirani adhuhuri, na wiki iliyopita, kwenye tope lililovuja nje ya ua, nyayo pana zenye alama za kucha. Fisi. Mbuga ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946, na upande huu wa kusini umeachwa wazi mpaka leo ili wanyama watoke kwenda nyandani na kurudi. Mwaka 2000 ukaanzishwa hata mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka wasizungushe ua wala kuuza vipande. Mzee wangu alipoziona nyayo alifurahi, akasema sasa tumeingia rasmi katika uhifadhi. Nikamwambia aende akadai. Ploti yetu ni thumuni ya ekari, kwa hivyo fisi anatudai maji na sisi tunadai nusu dola.

Yote haya ningeyameza. Lakini Jumapili iliyopita kijana wa kwaya yetu na mchumba wake waliomba waje kupiga picha za harusi hapa "mtoni." Watakuja kumi na wawili, na mpiga picha anataka maji yaende kwa nguvu kuanzia saa nne hadi saa kumi. Nikasema vizuri, karibuni, ila waje na tokeni na boza moja. Mzee wangu amechukia, anasema watu wa kanisa hawalipishwi maji. Amenuna tangu jana. Ameketi huko kwenye kingo zake, na pindo la zulia langu amelichomeka chini ya jiwe ili lisitokee pichani.