Imekula Kwangu

Mguu wangu wa kulia umeiva. Sisemi umechoka, nasema umeiva, kama muhogo. Kila jioni nikishuka kwenye gari baada ya foleni ya kutoka Posta hadi Kimara, mguu wa kushoto una joto la binadamu na wa kulia una joto la chapati. Mama watoto alishaacha kuniuliza nimeshindaje. Akiniona nainama kuvua kiatu, anafungua madirisha.

Chanzo ni mimi mwenyewe, ingawa kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimlaumu fundi, jua la Februari na kila mwenye gari mbele yangu pale Ubungo, kwa mpangilio huohuo.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, yenye ile injini ya lita mbili iliyolala, pistoni zikirushiana ngumi kulia na kushoto, na tabo ya kuisukumia hewa. Lilitoka Japani na kila kitu chake cha kiwandani, na hilo ndilo lililonikera. Mwanamume mzima utaendeshaje gari la namna hii na eksozi waliyokuchagulia watu wengine? Vijana wa gereji walilizunguka mara mbili, wakaguna. "Braza, hii mashine imezibwa pumzi. Weka heda."

Heda, kwa msomaji mwenye amani ya moyo, ni yale mabomba ya kwanza kabisa yanayopokea moshi unapotoka kwenye injini. Ya kiwandani yana sura ya kitu kilichotengenezwa na mtu mwenye haraka: yamebanwa, yamekunjwa, yamevikwa mabati. Haya mapya ni ya chuma kisichoshika kutu, yamepindwa kwa ustaarabu, yanang'aa kama masufuria ya shughuli. Nilipoyaona nililipa kabla sijauliza bei mara ya pili.

Siku ya kufunga, fundi alizama uvunguni, na baada ya muda vikaanza kurushwa nje vipande vya bati. "Hivi nini?" nikauliza. "Mabati tu haya, bosi. Ndiyo yanayokupigia kelele asubuhi." Na kweli yalikuwa yakipiga kelele. Bolti zake zilishaliwa na kutu, ukiwasha gari unasikia kama mtu anatikisa karai la kokoto. Hata la kwenye tabo likang'olewa. Alipita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, nikampa yote bure, tena nikamshukuru kwa kunibebea uchafu.

Kabla sijafika kwenye joto, naomba nilalamikie kwanza mlio. Watu wananunua Subaru kwa ule mngurumo wake wa kukatika-katika, dugu-dugu-dugu, unaomwamsha mtoto wa jirani. Mimi nilitaka uongezeke. Ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba mngurumo ule unatokana na mabomba ya kiwandani kutolingana urefu: moshi wa silinda moja una safari fupi, wa mwenzake una safari ndefu, unafika kwa zamu zisizolingana. Mimi kwa fedha zangu nimenunua mabomba yaliyopimwa yakalingana. Sasa moshi wote unafika kwa adabu, kama wanafunzi wa shule ya masista, na Subaru yangu inalia kama gari lolote lile la kupelekea watoto shule. Farasi zimeongezeka kidogo, nakubali. Zimeongezeka kimyakimya.

Haya, joto.

Ukikanyaga mafuta sawasawa, moshi unaotoka kwenye injini ya petroli unaweza kufika nyuzi 800, hata 900, za selisiasi. Chuma kikivuka 500 na ushee huanza kuonyesha wekundu gizani. Nina jirani mwalimu wa fizikia, nikamwita atazame mwenyewe usiku. Akachuchumaa, akachungulia, akasema neno ambalo walimu wa fizikia hulisema kwa raha: kitu chenye moto namna hii hakihitaji kukugusa ili kikuchome. Kinarusha joto lake kama taa inavyorusha mwanga, na ukikuza jotoridi lake mara mbili, kwa kuhesabu kuanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, joto linalorushwa haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara kumi na sita.

"Ndiyo maana kiwandani huweka mabati," akaendelea. "Bati, kisha nafasi ya hewa. Bati linarudisha joto lilikotoka, hewa inazuia lililobaki. Ya kwako yako wapi?"

Nikamwambia usiku umekwenda, akalale.

Sasa tazama jiografia ya janga. Kwenye injini hii heda zinapita chini kabisa, kwa hiyo joto lake lote linapanda kuipitia injini nzima kama mvuke wa ugali. Tabo imekaa nyuma upande wa kulia. Na sisi wa nchi za usukani wa kulia, ni nani amekaa upande huo? Ni mimi, na mguu wangu, na kopo la mafuta ya breki, ambayo yakishazeeka na kunywa unyevu huchemka mapema sana kuliko yakiwa mapya. Jambo hilo nililisoma usiku wa manane, na sikulala tena.

Wa kwanza kufa ni mpira unaofunika sivijointi ya mbele kulia. Ulikauka, ukapasuka, grisi ikarukia bomba la moto. Nilisikia harufu ya vitumbua vilivyoungua nikiwa Manzese, nikafungua dirisha nimtafute mama anayepika. Mama hakuwepo. Aliyekuwa akipika ni mimi.

Kisha ikaja zamu ya kifaa cha kupooza hewa ya tabo. Mafundi wetu wanakiita intakula, na fundi alipoinama chini ya boneti akasema kwa huzuni, "Bosi, shida intakula," nilidhani ananiambia kuhusu pesa zangu. Kwenye Impreza hii intakula imelala juu ya injini, inasubiri upepo uingie kwenye lile tundu la boneti. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unaingia, mambo safi. Ukiwa Ubungo umesimama dakika kumi na tano, hakuna upepo, na heda zilizo uchi huko chini zinaichoma kama mahindi. Hewa ya moto ni nyepesi, na kompyuta ya gari ikihisi joto inarudisha nyuma cheche ili injini isijiumize. Kwa hiyo zile farasi nilizonunua zinakuwepo saa nane za usiku, barabara ikiwa tupu na mimi nimelala. Ile saa ya kwenda kazini, bajaji inaniacha kwenye taa.

Nikaanza kutafuta dawa. Fundi wa kwanza alinipaka heda rangi ya fedha, akaapa haibanduki. Ilibanduka kabla sijafika Shekilango. Wa pili akasema tuzifunge bendeji.

Bendeji hii ni utepe uliofumwa kwa nyuzi za kioo. Unaulowesha maji, unauzungusha kwenye bomba kama unamfunga mtu aliyevunjika mguu, kisha unabana kwa vibanio vya chuma. Nikajitolea kusaidia, nikiwa nimevaa kaptura. Enyi mliowahi kupita kwenye upupu porini, upupu una huruma. Nilijikuna siku tatu, mama watoto akanihamishia sebuleni na shuka langu.

Siku ya kwanza barabarani bendeji inafuka moshi. Ni kawaida yake, ila kawaida hiyo haijulikani na dereva wa bodaboda. "Mzee, gari linaungua!" alipiga kelele mmoja, na wenzake watano wakaitikia. Abiria wa daladala jirani wakatoa simu kurekodi. Nikawapungia mkono kwa tabasamu, jambo ambalo nadhani liliwatia hofu zaidi.

Nikiri lakini kwamba bendeji ilifanya kazi. Mguu ulipoa kwa wiki nne. Injini hizi zilizolala, hata hivyo, zina tabia moja: gasketi ya tapeti kava ikichoka, oili inadondoka moja kwa moja juu ya heda. Kwenye bomba tupu tone linakuwa moshi na harufu, basi. Kwenye bendeji linanyonywa, na la pili, na la mia. Fundi alipochungulia aliniuliza taratibu, "Bosi, kibatari unakijua?" Nilikuwa natembea na utambi uliolowa mafuta, umezungushiwa chuma chekundu, nimeukalia. Tuliifungua yote hapohapo. Nilipokwenda kutafuta risiti ya heda nikaikuta na karatasi ya dhamana, imeandikwa kwamba ukizifunga bendeji dhamana imekufa, kwa kuwa bendeji hushikilia unyevu na kulipikia bomba lenyewe ndani.

Mwalimu wa fizikia akajaribu kunifariji. Akasema McLaren F1, lile gari la miaka ya tisini lililobuniwa na Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, sehemu yake ya injini ilitandikwa karatasi za dhahabu halisi, maana dhahabu hurudisha karibu mionzi yote ya joto. Kiasi cha gramu 16 hivi. Kwa bahati mbaya alisema haya mezani kwetu. Mama watoto aliweka bakuli la mboga chini. "Kwa hiyo ya gari ipo," akasema, "iliyokosekana ni ya harusi."

Nikaamua kunyenyekea: nitafute mabati ya kiwandani. Ya dukani hayapo, yaliyotumika yanaagizwa, na bei yake kwa seti imekaribia heda zenyewe. Nilitoka pale gereji nikiwa na njaa ya hasira, nikavuka barabara kwa kijana wa mishkaki. Jiko lake limekaa kwenye upepo, lakini mkaa unawaka umetulia. Upande wa barabara amelikinga kwa bati lililojikunja kama kiganja, tabaka mbili, lenye tundu moja la bolti lililoliwa na kutu. Tundu lile nalijua.

"Kijana, bati hili umelitoa wapi?"

"Kwa jamaa wa mkokoteni, mzee. Cheki," akaweka kiganja nyuma yake, huku mkaa unawaka upande wa pili. "Baridi! Waliolitengeneza hili walikuwa na akili."

Nikamwambia nalinunua. Akacheka. Nikataja bei, nikaipandisha, nikaipandisha tena. Akatikisa kichwa: bila bati upepo utammalizia mkaa, na kwanza mimi nina kazi nalo gani?

Nikaagiza mishkaki minne. Nikaila nimesimama nyuma ya bati, mguu wa kulia mbele.